Kabla ya Kulipa Ada ya Uzamili wa Hifadhi ya Kidijitali

Kabla hujajaza fomu ya chuo chochote, chukua karatasi upige hesabu hii. Ukurasa mmoja wa A4 ukiskaniwa kwa rangi, nukta 400 kwa kila inchi, na kuhifadhiwa kama TIFF isiyobanwa, unakula takriban megabaiti 46. Jalada la kurasa 200 linapita gigabaiti 9. Majalada 1,000, ambayo masjala ya wastani inayo na mengine yamerundikwa sakafuni, yanafika terabaiti 9 na ushee. Na kwa kuwa hakuna mtunza nyaraka makini anayetegemea nakala moja, zidisha kwa tatu: terabaiti 28 hivi. Kama ulichorithi ni kabati la tepu za redio, saa moja ya sauti ya njia mbili kwa ubora wa kilohezi 96 na biti 24 ni gigabaiti 2 hivi. Diski utakazonunua leo zitataka kubadilishwa baada ya miaka michache, kisha tena, na tena.

Hapo ndipo taaluma yenyewe ilipo. Kuskani ni mradi: una mfadhili, una bango, una siku ya kufunga na picha ya pamoja. Kukitunza kilichoskaniwa hakuna siku ya kufunga. Diski zitachoka, fomati zitapitwa na wakati, anayejua nywila atahamishiwa Katavi, na bado siku moja mwananchi atafika dirishani kudai hati ya kiwanja cha babu yake. Wengi wanaoomba kusoma uzamili wa fani hii huwa vichwani mwao wanaiona mashine ya skana. Wanaofaidika na ada yao ni wale waliotafuta chuo kinachofundisha kazi inayoanza baada ya mfadhili kupanda ndege.

Nawaandikia wakutubi, watunza kumbukumbu wa masjala, vijana wa TEHAMA waliokabidhiwa "mfumo wa nyaraka" na bosi bila kuulizwa, na watu wa redio na makumbusho wanaolala na wasiwasi wa kabati lililojaa tepu.

Jina la shahada lisikubabaishe

Afrika Mashariki ni nadra kukuta shahada ya uzamili inayoitwa hifadhi ya kidijitali peke yake. Somo limejificha ndani ya shahada za taaluma ya habari, ukutubi, au usimamizi wa kumbukumbu na nyaraka. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina uzamili wa taaluma ya habari. Makerere ina shule ya ukutubi iliyoanzishwa mwaka 1963 kuhudumia Afrika Mashariki nzima, na leo shule hiyo iko chini ya chuo chao cha kompyuta na sayansi ya habari. Moi, kule Eldoret, wamejijengea jina katika kumbukumbu na nyaraka. Ukishuka kusini, Chuo Kikuu cha Cape Town kina uzamili unaojikita moja kwa moja kwenye utunzaji wa makusanyo ya kidijitali. Kwa asiyeweza kuacha kazi, Dundee ya Scotland na Aberystwyth ya Wales zimefundisha mambo ya nyaraka kwa masafa kwa miaka mingi.

Mtu mwenye mkusanyo mezani kwake mimi ningemshauri asome kwa masafa au jioni akipata nafasi, hata kama ndoto yake ni kupanda ndege. Kila wiki anajifunza jambo na kesho yake analijaribu kwenye faili za kweli, zenye majina ya ovyo na bosi anayeuliza maswali. Anayeondoka mwaka mzima hurudi na msamiati mzuri na kuukuta mkusanyo umehamishiwa kompyuta nyingine ambayo hakuna anayejua ilipo.

Ukishapata vyuo viwili au vitatu, omba muhtasari wa kozi. Kipeperushi chenye picha za wanafunzi wakicheka kwenye ngazi za maktaba kiweke kando. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya upimaji, ile inayoonyesha alama zinatoka wapi. Ikiwa zote zinatoka kwenye mtihani na insha, umeshajua unanunua nini.

Kila chuo kitakufundisha OAIS. Huu ni mwongozo ulioandikwa na kamati ya mashirika ya anga za juu, yaliyotaka takwimu za setilaiti ziendelee kusomeka baada ya waliounda vyombo kuondoka, na mwaka 2003 ukawa kiwango cha kimataifa, ISO 14721. Unagawa kazi katika vifurushi vitatu: kinachopokelewa kutoka kwa mwenye nyaraka, kinachotunzwa, na kinachopewa mtumiaji. Ni mwongozo mzuri. Ubaya wake ni kwamba mtu anaweza kuuchora ubaoni kwa ukamilifu, akapata A, na hajawahi kugusa faili hata moja. Kwa hiyo usipime chuo kwa OAIS.

Muulize mratibu wa kozi kwa baruapepe mambo ya mikono. Je, kuna wakati katika muhula mwanafunzi anapewa diski yenye fujo ya kweli, folda zinazoitwa "Mpya", "Mpya 2" na "Ya mwisho kabisa", na kutakiwa azigeuze kuwa kifurushi kinachotunzika? Anapewa seva ya kujifunzia ambayo anaruhusiwa kuiharibu? Atatumia programu za DROID na Archivematica, au ataonyeshwa picha zake kwenye slaidi? Atafundishwa kuandika amri za kompyuta, angalau za kutosha kubadili majina ya faili elfu mbili kwa mkupuo? Na swali ninalolipenda kuliko yote: mara ya mwisho chuo chenyewe kilipojaribu kurejesha faili kutoka kwenye nakala rudufu ilikuwa lini, na wanafunzi walikuwepo? Mratibu anayejibu kwa furaha na kwa kirefu ni dalili njema. Anayekurudisha kwenye tovuti ya chuo naye amekujibu.

Jihadhari na kozi ambayo "hifadhi ya kidijitali" maana yake ni DSpace tu. Programu hiyo, iliyotolewa mwaka 2002 na MIT pamoja na kampuni ya HP, imesaidia sana vyuo vyetu kuweka tasnifu mtandaoni, na mkutubi anayeijua hakosi kazi. Lakini kupandisha PDF kwenye DSpace ni kuifanya isomwe na watu. Kama seva ni moja, imekaa chini ya meza ya fundi, na hakuna anayekagua kama faili bado nzima, hakuna kilichohifadhiwa hapo.

Kwa masomo ya nje, usilipe chochote kabla ya kuiuliza mamlaka ya elimu ya juu kama cheti kitatambuliwa nyumbani: Tanzania ni TCU, Uganda ni NCHE. Stashahada za uzamili za miezi michache zinazotolewa mtandaoni ndizo zinazoleta maswali zaidi Utumishi inapofika siku ya kupandishwa daraja. Kuhusu fedha, Tume ya Ufadhili ya Jumuiya ya Madola ina nafasi mahsusi za kusoma kwa masafa, kwa kozi walizoziorodhesha wenyewe na kwa nchi zilizotajwa. Angalia orodha ya mwaka husika kabla ya kujipa matumaini.

Mazoezi ya kufanya kabla ya muhula

Hapa ndipo ningependa utumie muda mwingi kuliko popote, kwa sababu hayahitaji ada wala ruhusa ya mtu.

Piga picha ya barua yoyote kwa simu, ihamishie kwenye kompyuta kwa waya, iite barua01.jpg. Kwenye Windows fungua dirisha la amri ukiwa ndani ya folda hiyo, andika certutil -hashfile barua01.jpg SHA256, kisha bonyeza Enter. Utapata mstari wa herufi na tarakimu 64 usio na maana yoyote kwa jicho. Hiyo ndiyo cheksamu. Ibandike kwenye jedwali la Excel kando ya jina la faili. Sasa badili jina la faili tu, urudie amri kwa jina jipya: mstari ni uleule. Fungua picha, tia kinukta kimoja cha rangi kwenye kona, hifadhi kwa jina jingine, rudia amri kwa faili hiyo mpya: mstari wote umegeuka, ingawa ukizitazama picha mbili sambamba huoni tofauti. Umeshaelewa jambo ambalo wengine hulisoma muhula mzima. Ukiwa na mistari hiyo ya faili zako zote, na ukaipitia tena kila baada ya miezi kadhaa, utajua ni faili gani imeharibika kimyakimya ukiwa bado na nakala nzima ya kuirejeshea.

Kisha jitumie picha hiyohiyo ya asili kwa WhatsApp, kama picha ya kawaida, uishushe na kuilinganisha. Ukubwa umepungua, pengine mara kumi. Bofya sifa za faili: tarehe ya kupigwa na taarifa za kamera hazipo. Nyaraka nyingi za familia na za misikiti na makanisa yetu zimesafiri kwa njia hii, na anayezipokea hudhani amepata "skani". Ukiwa na ujuzi huu mmoja tu unaweza kuokoa mkusanyo: waombe wenye picha wakuletee simu yenyewe, au wazitume kama dokumenti.

Zoezi la tatu ni DROID, programu ya bure ya Hifadhi ya Taifa ya Uingereza. Ielekeze kwenye folda kuu ya ofisi yako, uiache ifanye kazi usiku. Haitegemei jina la faili tu. Inasoma baiti za ndani na kuzilinganisha na rejista ya fomati iitwayo PRONOM. Asubuhi utakuta jedwali. Panga kwa ukubwa kwanza: faili za baiti sifuri zitajitokeza juu, zile ambazo mtu alinakili flashi ikachomolewa kabla ya wakati. Kisha tafuta faili ambazo jina linasema hivi na tumbo linasema vile, mathalani kilichoitwa .doc kumbe ni ukurasa wa tovuti uliohifadhiwa vibaya. Kisha hesabu fomati ambazo hakuna kompyuta ofisini inayoweza kuzifungua. Usizifute. Ziandike.

Ukitaka mwalimu wa kukushika mkono, muungano wa Digital Preservation Coalition una mafunzo ya mtandaoni ya Novice to Know-How na kitabu cha mwongozo, vyote bila malipo. Kiingereza chake si kigumu.

Faida ya mazoezi haya inaonekana siku ya kuandika barua ya maombi. Badala ya kueleza jinsi unavyopenda historia ya taifa lako tangu utotoni, utaandika kwamba ofisi yako ina faili kiasi fulani, za fomati fulani, kwamba hizi hazifunguki na hizi hazina mwenyewe, na kwamba unataka kujifunza namna ya kuamua zipi zitangulie. Kamati ya udahili inasoma barua nyingi za kupenda historia.

Tasnifu: anza na nakala iliyobaki kwetu

Mwaka wa pili ndio unaopotea kirahisi. Mwanafunzi anachagua mada kama "changamoto za uhifadhi wa kidijitali katika maktaba za vyuo vikuu", anagawa dodoso, na anagundua kwamba fedha hazitoshi na mafunzo hayatoshi. Tuna tasnifu za namna hiyo za kutosha kujaza maktaba, na haziwezi kumsaidia hata mmoja wa waliojaza dodoso.

Tazama badala yake kilichotokea Lamu. Miswada ya Msikiti wa Riyadha ilipigwa picha chini ya programu ya Maktaba ya Uingereza ya kuokoa nyaraka zilizo hatarini, kwa mradi namba EAP466. Utaratibu wa programu hiyo ni mzuri: maandishi ya asili hayatoki nchini, na nakala za kidijitali zinabaki kwa taasisi za kwetu pamoja na ile inayokwenda London. Oktoba 2023 Maktaba ya Uingereza ikavamiwa na wadukuzi, huduma zake za mtandaoni zikaanguka, na picha za programu hiyo zikawa hazipatikani mtandaoni kwa miezi mingi. Miaka miwili na nusu kabla yake, tarehe 18 Aprili 2021, moto wa mlimani ulikuwa umeteketeza ukumbi wa maktaba ya Jagger wa Chuo Kikuu cha Cape Town, pamoja na sehemu kubwa ya vitabu na filamu za mkusanyo wa masomo ya Afrika. Taasisi tajiri nazo huanguka.

Basi swali la tasnifu liko hapo, na ni swali linalojibika: nakala zilizoachwa huku kwetu na miradi ya namna hii ziko wapi leo, na ni nzima? Chagua mradi mmoja uliokwisha, wa ofisi yako au wa jirani. Tafuta orodha ya faili iliyotolewa siku ya makabidhiano. Fungua diski. Piga cheksamu, linganisha na za awali kama zipo. Andika ni vifaa gani, vimewekwa chumba gani, nani ana ufunguo, na kifungu gani cha bajeti kinavilipia. Kwa kipimo tumia jedwali la viwango vya hifadhi ya kidijitali la muungano wa NDSA, ambalo linakuambia taasisi imefika ngazi gani kati ya nne, tangu kuwa na nakala mbili sehemu tofauti na kuendelea. Mwisho wa kazi utakuwa na sura tano za tasnifu na ripoti ya kurasa sita ambayo mkuu wa taasisi ataisoma, kwa sababu inamhusu.

Mwenye kupenda maelezo ya nyaraka kuliko diski ana shamba pana zaidi. Dublin Core, kiwango cha maelezo hayo kilichoanza mwaka 1995 katika mji wa Dublin wa Ohio, kina vipengele 15, na kimojawapo ni tarehe. Sasa chukua barua ya Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, iliyoandikwa mwaka 1300 wa Hijria. Mwaka huo ulianza Novemba 1882 na kuishia mwanzoni mwa Novemba 1883. Barua isiyotaja mwezi utaiwekea mwaka gani? Mwandishi wa orodha anayeandika "1882" na kuendelea na safari amemdanganya mtafiti. Andika tarehe kama ilivyo kwenye barua, kisha kadirio la mwaka wa Kizungu kama muda wenye mwanzo na mwisho. Majina ya watu nayo: jina la ukoo katika hati ya Kiarabu, tahajia ya Kijerumani kwenye jalada la mwaka 1905 na tahajia ya kitambulisho cha leo ni mtu na wajukuu zake, ila kompyuta itawahesabu kuwa koo tatu. Wasimamizi wa nje hawatakuwa na jibu la haya. Hutakiwi kuwaogopa. Watakusaidia mbinu, na jibu utalitafuta wewe na wazee wanaosoma hati hizo.

Vibali vya utafiti viombwe mapema kuliko unavyodhani: COSTECH kwa Tanzania Bara, NACOSTI kwa Kenya, na Zanzibar ina utaratibu wake. Kama faili zina majina ya wagonjwa, wanafunzi au washtakiwa, soma sheria ya taarifa binafsi kabla ya kuzinakili kwenye kompyuta yako. Kenya na Uganda walitunga zao mwaka 2019, Tanzania mwaka 2022. Kunakili faili za hospitali kwenye flashi kwa ajili ya "data ya tasnifu" kunaweza kukugharimu zaidi ya alama.

Mazungumzo na mwajiri

Wengi huomba ruhusa ya masomo na kuishia hapo. Omba mambo mawili zaidi, kwa maandishi. La kwanza, ukiwa masomoni uendelee kufikia mkusanyo, hata kama ni siku moja kwa mwezi. La pili, utakaporudi kuwe na kituo chenye jina, majukumu na kifungu cha matumizi. Mwaka wa fedha wa serikali zetu unaanza tarehe 1 Julai, na mapendekezo hupikwa miezi mingi kabla. Anayerudi Mei na orodha ya vifaa anasubiri mwaka mwingine mzima. Peleka makadirio Desemba, hata kama bado unaandika sura ya nne.

Mwezi wa kwanza ukirudi, usianze kuskani hata kama watu wanakusukuma na mashine mpya iko kwenye boksi. Andika mwongozo wa kurasa chache kwa Kiswahili cha kawaida: faili zinapokelewaje, zinapewa majina gani, cheksamu zinapigwa lini, nani anapigiwa simu diski ikigoma. Mpe karani ambaye hajasomea fani hii aufuate mwanzo hadi mwisho, wewe ukiwa umekaa pembeni bila kusema neno. Kila anapokwama, sahihisha mwongozo, usimsahihishe yeye. Kisha nywila za seva ziandikwe, zitiwe kwenye bahasha mbili zilizofungwa kwa lakiri, moja kwenye sefu ya mhasibu na nyingine kwa mkuu wa taasisi, na zibadilishwe kila mtumishi mwenye kuzijua anapohama.